Kwa Nini Nilitia Maji Kwenye Sabuni Iliyolegea

Povu halioshi kitu. Nilisema hivyo wiki yangu ya kwanza kiwandani, nikachekwa na kila aliyenisikia, na leo nimestaafu na bado nasema. Kama umekuja kwangu ili nikubali kwamba nyinyi vijana mnajua zaidi kwa sababu mna mashine zinazoandika majibu zenyewe, umepotea njia. Lakini kama umeajiriwa juzi, unashika kitasa cha maabara mara ya pili kuhakikisha umefunga, na wenzako wanakuambia unawaza sana, keti. Haya nayasema kwa ajili yako.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya kemia katika ile miaka ya themanini, nikaajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha sabuni ya maji hapa Kisumu. Kabla ya kumsalimia mtu asubuhi, nilikuwa nimeshapanga atanijibu nini, nami nitamjibu nini, na kama akikasirika nitaanza wapi kumwomba radhi. Nikipima kitu, nilikipima tena, kisha nikaipima mizani yenyewe. Maabara naiita maabara kwa heshima. Ilikuwa stoo ya magunia, ikatiwa meza, mizani na chupa, na dirisha lake lilitazama mfereji uliopeleka maji machafu ya kiwanda kuelekea ziwani.

Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Naresh, aliyekirithi kwa baba yake. Aliniita Madam kama wafanyakazi wote walivyoniita, ila Madam yake ilikuwa na kicheko ndani. Nitawaambia siku tanki zima la sabuni lilipolegea na kazi yangu ikabaki inaning'inia hapo. Lakini kwanza lazima mwelewe sabuni yenyewe, la sivyo mtacheka mahali pasipochekesha.

Aliyenifundisha kuisoma sabuni ni Mzee Okelo, fundi wa kuchanganya. Hatukuwa na mashine ya kupima uzito wa kimiminika, yaani kinavyotiririka kwa uvivu. Hiyo ilikuja baadaye sana, miaka ya tisini, na siku ilipofika tuliitazama kama mgeni wa heshima ambaye hatujui anakula nini. Mzee Okelo alikuwa na mwiko mrefu wa mbao. Aliuzamisha kwenye tanki, akauinua juu ya tanki, akatazama sabuni inavyoshuka.

"Tazama, Madam. Ikidondoka tone tone, hiyo bado ni maji ya kuoshea miguu. Ikishuka kama uzi, imeanza. Sasa ngoja uzi ukatike. Umeona ile mkia imeruka ikarudi juu? Hapo ndio sabuni."

Nilikwenda nyumbani Kaloleni nikiuwaza ule mkia. Maji yakikatika hayarudi juu. Uji haurudi juu. Kwa nini sabuni irudi, kana kwamba kuna mpira ndani? Nilimuuliza Bwana Naresh akaniambia nisimalize akili kwa vitu vidogo. Sikumsikiliza, na nawashauri nanyi msimsikilize mtu wa namna hiyo.

Molekyuli ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji. Mkia ni kama mafuta, unayachukia maji kabisa. Ukitia chache kwenye beseni, zinakimbilia juu, zinajipanga kwenye uso wa maji na mikia yao nje hewani. Ukiongeza, uso unajaa. Zilizobaki ndani zifanye nini?

Nyanya yangu aliishi Usenge, na nilipokuwa mdogo tulioga ziwani. Mama mmoja akitaka kubadilisha nguo pale ufuoni, wenzake humzunguka. Wanasimama duara, migongo ndani, nyuso nje, na kila mmoja anamtazama anayepita kwa macho makali. Mpita njia haoni kilicho katikati. Molekyuli za sabuni zinafanya vivyo hivyo. Zikizidi kiwango fulani ndani ya maji, zinasimama duara kwa ghafla, vichwa nje vikitazama maji, mikia ndani imefichwa. Ni kijitufe kidogo mno, hakionekani kwa darubini ya shuleni. Vitabu hukiita miseli. Chini ya kiwango kile hakuna miseli hata moja; ukikipita, zinatokea. Mafuta ya samaki kwenye sahani yako yanaingia katikati ya lile duara, yanafichwa, na ukimwaga maji yanaondoka nayo. Hiyo ndiyo kazi ya kuosha. Povu ni hewa iliyovalishwa sabuni. Linapendeza, linakufanya ujione umefanya kazi, lakini sahani haijali.

Jaribu sasa kumweleza hayo Mama Atieno, aliyeuza sabuni yetu sokoni Kibuye. Bwana Naresh alinituma kwake siku moja ili, kwa maneno yake, nijue sabuni inauzwa wapi. Mama Atieno alichukua chupa yetu akaipindua kichwa chini mbele ya wateja, akaangalia kiputo cha hewa kikipanda.

"Hii yenu kiputo yake inapanda mbio kama mtoto ametumwa sukari," akasema. "Ya wale wengine inapanda pole pole, kama mzee anapanda ngazi. Sasa mimi niuze gani?"

"Mama, uzito wa sabuni si nguvu ya kuosha."

"Wewe umesoma?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nunua wewe."

Wateja walicheka mpaka muuza viatu wa jirani akauliza kuna nini. Nilirudi kiwandani nikipanga majibu ambayo ningempa, mazuri sana, yote yamechelewa. Lakini nilijifunza jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Mnunuzi hawezi kuziona miseli. Anachoona ni uzito, kwa hiyo sabuni nzuri ikilegea haiuziki, na sabuni mbaya ikiwa nzito inauzika. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoniletea vita.

Uzito ule tuliupata kwa chumvi, hii hii ya kupikia, kwa magunia. Vile vichwa vya sabuni vina chaji ya aina moja, kwa hiyo vinasukumana. Duara haliwezi kubana. Chumvi ikiingia inatuliza ule ugomvi, vichwa vinasogeleana, na tufe linaanza kurefuka. Linakuwa kijiti, kijiti kinakuwa uzi mrefu wenye kupindapinda, na nyuzi zinasokotana kama nyavu zilizotupwa pamoja chini ya boti. Jaribu kuvuta wavu mmoja: zinakuja zote, kisha zinajirudi. Ndio ule mkia wa Mzee Okelo ulioruka juu.

Sasa, kwa kuwa nawaza sana, nikajiuliza: na chumvi ikizidi? Nilipanga chupa dirishani, kila moja na chumvi zaidi ya jirani yake. Wafanyakazi waliziita kwaya ya Madam. "Leo soprano wameimba?" waliniuliza wakipita. Niliwaacha waseme. Chupa za kwanza zilikuwa nyepesi. Zikafuata nzito, nzito zaidi, moja nzito kama asali, na baada ya hiyo zikaanza kulegea tena. Za mwisho zilikuwa nyepesi kama za mwanzo, na ya mwisho kabisa ikawa na ukungu. Kuna kilele, halafu kuna mteremko upande wa pili. Kwa nini hasa nyuzi zinalegea huko ng'ambo, wakati ule sikuweza kueleza vizuri. Baadaye nikasoma kwamba zinaungana zenyewe kwa zenyewe na kutoa matawi, na penye tawi fundo linateleza badala ya kukwama. Lakini sikuhitaji sababu ili kuamini macho yangu. Nilirudia kwaya yote upya, nikapata jibu lile lile, nikarudia tena.

Na hapa ndipo tabia yetu inapoingia. Mnajua Kibuye mtu akikupimia omena, wale dagaa wetu wa ziwani, kopo likishajaa anachota kidogo kwa mkono na kukuongezea. Asipoongeza, huyo ni mchoyo na kesho humwendei. Watu wetu walikuja kiwandani na mkono huo huo. Mzee Okelo alipima chumvi kwa mizani, sawasawa kabisa, kisha akatia konzi moja ya juu. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini tunasalimiana.

"Kipimo bila nyongeza, Madam? Kwani tunaiuzia adui?"

Siku nyingi nyongeza haikudhuru, kwa sababu tanki lilikuwa bado linapanda kilima. Lakini siku moja stima ilipotea adhuhuri, mota ikasimama na tanki likiwa katikati ya kazi. Mnalijua jua la Kisumu la mchana na paa la mabati. Sabuni ikipata joto hulegea yenyewe, ikipoa hurudi. Kila fundi aliyepita pale alichovya mwiko, akaona uzi hauji, akaona ni jambo la msaada kutia chumvi kidogo. Kisha akatia nyongeza. Zamu ikabadilika, stima ikarudi, na wale walioingia nao wakasaidia. Mimi nilikuwa nimetumwa mjini kuchukua vifaa.

Asubuhi nilimkuta Bwana Naresh amesimama juu ya jukwaa la tanki pamoja na Mzee Okelo na mafundi. Mzee aliinua mwiko. Sabuni ilidondoka tone tone.

"Imepoa usiku kucha," akasema Mzee Okelo. "Ingekuwa imeshika. Hii imekufa, Bwana."

"Ongeza chumvi," akasema Bwana Naresh.

"Tumeongeza."

"Ongeza tena."

Wakaongeza, mota ikazunguka, na sabuni ikazidi kuwa nyepesi mbele ya macho yetu. Bwana Naresh alinigeukia. Kile kicheko cha siku zote hakikuwepo.

"Madam, kazi ya maabara ni nini? Si ni kuzuia hii? Sasa mimi namwaga yote kwa mfereji, naosha tanki, na wewe unachukua mfuko yako unaenda nyumbani. Sawa?"

Nilikuwa na sababu zote za kusema sawa. Miguu ilitaka kushuka ngazi. Nilijua kabisa sauti yangu itatetemeka, na ilitetemeka.

"Hapana," nikasema. "Si sawa. Msimwage. Tieni maji."

Mafundi walitazamana. Mmoja akauliza taratibu kama Madam amekunywa chai.

"Maji?" akasema Bwana Naresh. "Sabuni iko kama maji, wewe unasema weka maji?"

"Chumvi imepita kilele. Tukitia maji kidogo, chumvi inapungua ukali, na sabuni itarudi kushika. Halafu tutie pipa moja la ute, ili maji tuliyoongeza yasipunguze nguvu yake." Ute ndio malighafi yenyewe, zile molekyuli zenye vichwa na mikia, zilizokuja kwa mapipa zikiwa nzito na nyeupe.

Nilikimbilia maabara nikarudi na chupa, nikachota sabuni ya tanki, nikatia maji tone tone mbele yao nikikoroga kwa kijiti. Ikashika. Niliinua kijiti, uzi ukashuka, ukakatika, mkia ukaruka. Nilidhani nimeshinda.

"Chupa si tanki," akasema Bwana Naresh. "Kwa chupa hata mimi naweza kufanya miujiza."

"Basi tanki unalimwaga," nikamwambia. "Kitu unachomwaga, ukikitia maji kwanza unapoteza nini?"

Mzee Okelo alinikaribia akasema kwa sauti ya chini, "Nyathina, una hakika?" Ndiyo kusema mwanangu. Nilimjibu ukweli, kwamba mimi sijawahi kuwa na hakika na kitu chochote maishani, lakini kwaya yangu imeimba wimbo mmoja kila mara nilipoipanga. Akakuna kichwa. Kisha akawaambia mafundi walete pipa la ute jukwaani, akaenda mwenyewe kufungua bomba.

Hapa nawaambia jambo la kazi, mliandike. Maji yakiingia kwenye tanki kubwa, hayachanganyiki papo hapo. Yanakaa juu. Ukichovya mwiko mapema unachota maji matupu, unaogopa, unafanya upumbavu. Bwana Naresh alichovya mapema.

"Maji," akasema. "Naona maji. Fungeni."

"Ngoja izunguke."

"Okelo, funga mota, fungua mfereji."

Mzee Okelo aliweka mkono kwenye swichi. Mimi nilishuka ngazi nikaenda kusimama kwenye vali ya chini, ile inayofungua kuelekea mfereji, nikaishika kwa mikono miwili. Sikupanga kufanya hivyo. Mimi ambaye hupanga hata kusema habari ya asubuhi, sikuwa nimepanga neno. "Atakayeifungua aniondoe kwanza," nikasema. "Na akiniondoa aende akawaambie akina mama wanaofua kule chini kwamba povu linalokuja ni letu."

Hakuna aliyeshuka. Mota iliendelea kuzunguka kwa sababu Mzee Okelo, mkono ukiwa juu ya swichi, alisahau kuizima, au hivyo ndivyo alivyomwambia Bwana Naresh. Niliisikia mota kabla ya kuona kitu. Ilikuwa inaimba kwa wepesi. Kidogo kidogo sauti ikazama, ikawa ya kunung'unika, kama mtu aliyebebeshwa gunia. Mafundi wote waliisikia. Mtu wa kiwanda hahitaji kuambiwa maana ya mota kunung'unika.

Mzee Okelo aliinua mwiko. Uzi ulishuka mrefu, ukang'aa, ukakatika, na mkia ukaruka juu mpaka karibu na mkono wake.

"Ero," akasema. Hiyo hapo.

Nilipanda tena jukwaani. Bwana Naresh alichovya mwenyewe, akainua, akachovya tena. Kile kicheko chake kikarudi, lakini sasa kilikuwa kimekaa mahali pengine.

"Madam," akasema, "wewe ni hatari. Sasa sikia. Hiyo pipa ya ute, rudisha stoo. Imeshika bila ute, si unaona? Tena leta maji mengine na chumvi kidogo. Tutafute mahali itashika vizuri, na tanki inakuwa tanki na nusu. Mama wa Kibuye anapindua chupa, anafurahi. Mimi nafurahi. Wewe nakupandisha cheo."

Mnaelewa alichokuwa akisema? Alikuwa ameelewa somo langu barabara. Uzito unatokana na nyuzi, nyuzi zinaongozwa na chumvi, kwa hiyo unaweza kuuza maji yaliyovalishwa uzito. Mama atapindua chupa, kiputo kitapanda kama mzee. Lakini nyumbani atatia kijiko kwenye beseni la sahani zenye mafuta ya samaki wa mbuta, na humo chumvi itapotea, nyuzi zitakatika, na kitakachobaki ni idadi ya molekyuli tu. Zikiwa chache hazifiki kiwango cha kusimama duara. Mafuta yatabaki kwenye sahani. Atadhani amekosea yeye, atatia kijiko kingine, na kingine.

Wakati ule ningeweza kupokea cheo. Kazi yangu ilikuwa imeokoka, wote walikuwa wananitazama kwa heshima mpya, na aliyekuwa tayari kunifukuza asubuhi alikuwa ananipa mkono. Watu wengi wananiambia mpaka leo kwamba kijana mwerevu angetabasamu na kubishana baadaye. Labda. Lakini nilikuwa nimeshashika vali siku hiyo, na mikono ilikuwa bado ina joto.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Ute unaingia. Nilisema tutie maji na ute. Hatutii maji peke yake."

"Nani mwenye kiwanda hapa, Madam?"

"Wewe, Bwana. Na mimi ndiye maabara. Ulisema asubuhi kazi ya maabara ni kuzuia. Nazuia."

Alinitazama, akawatazama mafundi, labda akitafuta wa kucheka naye. Hakuna aliyecheka. Nilikwenda kwenye pipa, nikapiga kifuniko kwa spana mpaka kikalegea. Halikuwa pipa la mtu mmoja, na mimi sina mwili wa kubeba mapipa. Nililishika ukingo nikaanza kuliinamisha, likanishinda, nikaanza tena. Mafundi wawili wakaja upande wa pili bila kuitwa. Ute mweupe ukaanza kushuka ndani ya tanki, mzito, bila haraka.

Bwana Naresh alikuwa bado amesimama hapo. "Okelo," akasema, "zima hiyo mota."

Mzee Okelo akanyoosha mkono, akaiongeza kasi.